Bruce Lee rafuni: picha tano, matoleo kibao, uchukue lipi?

Kule nilikokulia, kibanda cha video kilikuwa na kanuni moja: steringi hafi. Akipigwa risasi inamchubua bega, akitumbukia mtoni anaibukia ng'ambo. Siku walipoweka mkanda ambao Bruce Lee anaruka kuzifuata bunduki zilizopangwa mstari, picha ikaganda yeye yuko hewani na milio ya risasi ikasikika, banda zima lilizomea. Mwenye banda akajitetea kwamba mkanda umekatika. Tulimwamini. Nilikaa na imani hiyo miaka mingi mpaka nilipoinunua picha yenyewe kwenye diski, nikaona kumbe hakuna kilichokatika. Ndivyo Fist of Fury inavyoisha.

Brusilii, kama tulivyomwita, ni steringi mwepesi sana kukusanya ukihesabu picha, na mgumu sana ukihesabu matoleo. Alizaliwa San Francisco tarehe 27 Novemba 1940, akafia Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Utotoni alicheza picha nyingi za Hong Kong, na Marekani alionekana kwenye televisheni, lakini picha za kung fu alizozibeba mwenyewe ni nne alizozimaliza, na ya tano iliyomaliziwa na watu wengine baada ya mazishi. Anayekusanya za Amitabh Bachchan aanze kwa kutafuta fundi wa makabati. Za Brusilii zinaenea mkono mmoja. Ila kila moja ina sauti tatu nne, urefu usiolingana, na nyingine zina majina mawili.

Majina ndiyo yaliyonitia aibu mimi. Nilinunua DVD mbili za mitumba, moja imeandikwa Fist of Fury, nyingine Fists of Fury. Nikadhani nimeuziwa picha ileile mara mbili kwa kosa la chapa, nikarudi dukani kudai pesa. Muuzaji akakataa kata kata. Nikamsema maneno ambayo leo nayajutia, maana alikuwa na haki: zile zilikuwa picha mbili tofauti. Ukiwa sokoni, kaa na jedwali hili mfukoni:

| Jina la Hong Kong | Mwaka | Jina la Marekani |
|---|---|---|
| The Big Boss | 1971 | Fists of Fury |
| Fist of Fury | 1972 | The Chinese Connection |
| The Way of the Dragon | 1972 | Return of the Dragon |
| Enter the Dragon | 1973 | lilelile |
| Game of Death | 1978 | lilelile |

Jina la The Chinese Connection lilikusudiwa The Big Boss, ambayo ndiyo inayohusu dawa za kulevya. The French Connection, picha ya Marekani ya dawa za kulevya, ilikuwa imetoka kuvuma na wasambazaji walitaka kudandia. Inaelezwa kwamba majina yalipishana njiani, kila moja likatua kwenye picha ya mwenzake. Return of the Dragon ni ujanja mwingine: Marekani ilioneshwa 1974, ikauzwa kama mwendelezo wa Enter the Dragon ilhali ilitengenezwa kabla yake. Kwa hiyo usisome kasha upande wa mbele. Geuza nyuma utafute hadithi. Kiwanda cha barafu Thailand? The Big Boss. Shule ya kung fu Shanghai? Fist of Fury. Mgahawa Roma? The Way of the Dragon.

Tano zikishindanishwa

Kama mfuko unaruhusu mbili tu, watu wengi watakwambia uanze na Enter the Dragon. Mimi naiweka ya tatu. Ni picha ya Warner Bros., imeongozwa na Robert Clouse, ina fedha, ina kisiwa cha adui, ina muziki wa Lalo Schifrin na kile chumba cha vioo ambacho kila mtu amekiiga. Lakini Bruce Lee anagawana nafasi na John Saxon na Jim Kelly, kwa sababu studio haikuwa na uhakika kwamba Mchina peke yake angeijaza sinema ya Marekani. Ukiwa unakusanya za Bruce Lee, unamlipia kwa theluthi mbili. Aliyependa kutafuta sura atapata zawadi nyingine: Sammo Hung ndiye anayepigana naye mwanzoni kabisa, na Jackie Chan, kijana asiyejulikana wakati huo, ni mmoja wa walinzi wanaopokea kipigo.

Ya kwanza kwangu ni Fist of Fury. Lo Wei ameiongoza kama mtu mwenye haraka, na sehemu za mazungumzo zimelala, lakini Chen Zhen wa Bruce Lee haachi nafasi ya kupumua. Mwalimu wake ameuawa, mji uko mikononi mwa wageni, na langoni mwa bustani kuna kibao kinachowaweka Wachina kundi moja na mbwa. Anakipiga teke hewani kinapasuka vipande. Sisi ambao babu zetu walijua mahoteli na viti vya treni vilivyokuwa vya Wazungu tu, hatuhitaji kuelezwa lile teke ni la nini. Naamini hapo ndipo mahali ambapo Bruce Lee aliacha kuwa mpiganaji tu na kuwa mtu wetu.

The Way of the Dragon inashindana nayo kwa njia tofauti kabisa, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoiandika, akaiongoza na kuimaliza mwenyewe. Nusu ya kwanza ni vichekesho vya mshamba aliyefika Ulaya hajui hata kuagiza chakula, na kuna watu huichoka hapo. Wavumilie. Pambano na Chuck Norris ndani ya Colosseum limepangwa kwa utulivu ambao picha za sasa zimeusahau: wanapasha misuli joto, paka mdogo anawatazama, Bruce Lee anazidiwa kwanza, anabadili miondoko, ndipo anashinda. Mwisho anamfunika adui yake kwa nguo na mkanda wake. Ukimwonesha mtu asiyejua kitu kuhusu kung fu dakika zile, ataelewa.

The Big Boss ni ya mtu mwenye subira. Shujaa amemwapia mama yake kutopigana, anavaa kidani cha kumkumbusha, na kwa muda mrefu ni James Tien anayeonekana kuwa ndiye steringi. Usiitafute ya kwanza. Inanoga ukishajua anachokizuia.

Na Game of Death? Hapa niwe mkali. Bruce Lee alianza kuipiga 1972, akaiacha katikati ili aende kwenye Enter the Dragon, akafa. Mwaka 1978 Clouse akatunga hadithi mpya kuizunguka, akatumia watu wa kumfanania wenye miwani ya jua na ndevu za bandia, na kwenye onyesho moja uso wa Bruce Lee wa karatasi umebandikwa tu kwenye kioo. Wakaweka hata picha halisi za mazishi yake. Kilicho chake hasa ni kama dakika 11 za mwishoni, akiwa kwenye ile nguo ya manjano yenye mstari mweusi, anapanda ghorofa moja baada ya nyingine mpaka anakutana na Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu mrefu kama mnazi. Dakika hizo ni dhahabu. Nyingine zote ni makapi. Alipiga vipande vingi zaidi ya hivyo vilivyotumika, na ndiyo sababu kwa picha hii moja usinunue filamu, nunua toleo lenye vipande vyake vya asili vilivyopangwa upya.

Sanduku moja, au diski mojamoja?

Masanduku mawili yanagombewa zaidi na wakusanyaji. La kampuni ya Criterion ya Marekani lilitoka 2020, linaitwa Bruce Lee: His Greatest Hits, diski saba za Blu-ray. Zote tano zimo. Enter the Dragon imo kwa matoleo yake mawili, dakika 99 kama ilivyooneshwa 1973 na dakika 102 za toleo maalumu lenye mazungumzo ya Bruce Lee na mtawa mkuu wa Shaolin. Kuna na Game of Death Redux, ambayo ni vile vipande vya asili bila ndevu za bandia, na wataalamu wanaozungumza juu ya picha wakati inaendelea. Kwa mtu anayetaka kununua mara moja akapumzika, sijaona linalolipita.

Tatizo lake ni kufuli. Blu-ray zina maeneo, na sanduku hili ni la eneo A, yaani Amerika pamoja na sehemu za Asia ya mashariki. Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba ziko eneo B. Kwa hiyo ndugu aliyeko Minneapolis au Toronto atalitia kwenye deki yake na kutazama usiku uleule. Aliyeko Dar, Mombasa, Muscat au London ataona maandishi ya kukataliwa, isipokuwa deki yake imefunguliwa kwa maeneo yote. Wapo waliolibeba kutoka Marekani kama zawadi, likawa pambo la kabatini.

Sanduku la kampuni ya Arrow ya Uingereza, Bruce Lee at Golden Harvest, lilitoka 2023 kwa 4K, yaani diski zenye picha kali kuliko Blu-ray za kawaida. Diski za 4K kwa kawaida hazina kufuli la eneo, hivyo hilo peke yake linalifanya lifae zaidi huku kwetu, ili mradi una deki ya 4K na luninga inayoweza kuonesha tofauti. Kubwa lake ni toleo refu la Kimandarini la The Big Boss, ambalo kwa miaka mingi wakusanyaji walikuwa wakilisikia kwa midomo ya watu tu, na kazi kubwa iliyofanywa upande wa vipande vya Game of Death. Ni la mtu ambaye tayari anazijua picha na anataka kuchimba. Mwenye luninga ya kawaida ya inchi 32 atalipia ukali wa picha ambao macho hayatauona.

Kwa sanduku lolote, liwe hili au la miaka ya nyuma, angalia jambo moja kabla ya kutoa pesa: Enter the Dragon imo? Ilikuwa ya Warner, nyingine zilikuwa za Golden Harvest, kampuni ya Hong Kong ya Raymond Chow, na haki zake zimeenda njia mbili. Masanduku mengi ya zamani yameandikwa "mkusanyiko kamili" bila picha yake maarufu kuliko zote. Warner waliitoa peke yake kwa 4K mwaka 2023, ilipotimiza miaka 50.

Njia ya tatu ni kuokota mojamoja, na kwa bei ndiyo ninayoipenda. DVD za Uingereza za Hong Kong Legends bado zinazunguka kwenye maduka ya mitumba, zina maelezo mazuri na picha safi kwa kiwango cha DVD. Kufuli la DVD halisumbui sana, kwa kuwa deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku husoma diski za maeneo yote. Ila zingatia mambo mawili. DVD za mfumo wa PAL huendesha picha kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96. Ukiona pungufu hilo usidhani umeibiwa onyesho. Hakuna kilichokatwa, imekimbizwa tu, na sauti zimepanda kidogo. Cha kuogopa ni kanda za VHS za Uingereza za miaka ya 1980 na 1990: bodi yao ya sinema iliziogopa nanchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, ikaziondoa kwa mkasi. Bruce Lee bila nanchaku ni pilau bila viungo.

Kutazama mtandaoni nakutaja kwa heshima tu. Leo ipo, kesho mkataba umeisha imetoweka, na huambiwi ni toleo lipi unalotazama.

Sauti ipi?

Hapa mabishano huwa makali kuliko inavyostahili. Kuna wanaosema mwungwana hutazama kwa Kimandarini na maandishi ya chini, kwa sababu ndiyo sauti ya asili. Asili ipi? Hong Kong ya wakati ule walipiga picha bila kurekodi sauti, kisha kila lugha ikawekwa studio. Bruce Lee alikuwa mtu wa Kikantoni. Anayezungumza Kimandarini kwa niaba yake ni mtu mwingine, kama ilivyo kwenye Kiingereza. Kwenye The Big Boss hata muziki unabadilika: toleo la Kimandarini lina muziki wa Wang Fu-ling, la Kiingereza lina wa Mjerumani Peter Thomas, wenye matarumbeta, na huenda ndio ulio kichwani mwako kama uliiona zamani. Sauti yake mwenyewe ya maongezi utaisikia kwenye Enter the Dragon, kwa Kiingereza. Kwa hiyo ushauri wangu ni diski zenye lugha zote mbili au tatu, kwa Fist of Fury nasikiliza Kimandarini, kwa The Big Boss narudi kwenye matarumbeta.

Halafu kuna Kiswahili. Si tafsiri rasmi, bali mtu aliyekaa na maiki juu ya picha: Tanzania tulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na Kenya wana DJ Afro. Ukizipima kanda na diski za kutafsiriwa kama nakala za picha, zinashindwa na kila kitu nilichotaja hapo juu. Muziki umefunikwa, picha imefifia, pembeni pamekatika, na mtafsiri akichoka na mazungumzo anaanza kusema ya kwake: adui anapewa jina la mtaani, steringi anadaiwa kodi ya nyumba. Lakini zipime kama kitu kilichotengenezwa huku, na hakuna sanduku la Marekani wala Uingereza lenye kitu hicho. Mimi naziweka rafu moja na zile safi, bila aibu.

Za kuruka

Alipofariki, soko lilijaa akina Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee. Ho Chung-tao wa Taiwan, huyo Bruce Li, alikuwa mchezaji mzuri kwa haki yake, na wala si kosa lake kwamba makasha yalibandikwa uso wa mtu mwingine. Zile diski za kuchoma zenye picha nane ndani huwa na mbili za kweli na sita za hao. Ukiona mwaka ulio baada ya 1973 na si Return of the Dragon ya 1974 wala Game of Death ya 1978, huyo siye. Hata Game of Death II ya 1981 imemchukua kutoka vipande vya zamani, ikamuua katikati na kuendelea na mtu mwingine. Imo ndani ya masanduku kama nyongeza, basi ibaki nyongeza.

Za utotoni, kama The Kid ya 1950 au The Orphan ya 1960, ni za anayetaka kumwona mwigizaji kabla ya mateke. Marlowe ya 1969 ina dakika zake chache ambazo anavunja ofisi nzima ya James Garner kwa miguu, zinachekesha, lakini hazitoshi kununulia picha nzima. Na The Green Hornet, alikocheza kama Kato, vipindi 26 vya televisheni vya 1966 na 1967, mnunulie mtoto.

Kwa hiyo, aliyeko Amerika na anataka jambo moja limalizike: Criterion. Aliyeko Ulaya, Ghuba au huku, ana vifaa vya 4K na pesa za ziada: Arrow, na ahakikishe Enter the Dragon anayo. Anayeanza na mfuko mwembamba anunue DVD ya Fist of Fury na ya The Way of the Dragon, asikae kusubiri sanduku.

Na kama kwenu kuna mkanda wa VHS wa Brusilii wenye sauti ya mtafsiri, usiutie kwenye deki kwanza. Ufungue kifuniko uangalie utepe dhidi ya mwanga. Huku pwani unyevu huzaa ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, na ukiuchezesha hivyo unachafua deki na kuchana mkanda kwa pamoja. Mpelekee fundi anayehamisha kanda kwenda kwenye flashi, mwambie ausafishe kwanza, na mwambie asikate pale mwanzo ambapo mtafsiri anataja mtaa wake na kusalimia wateja.